Mnazi wa nani, ardhi ya nani: shamba la Gede linapogeuzwa hifadhi

Ukishapita Gede kuelekea Mombasa, mkono wa kulia wa barabara ni msitu wa Arabuko-Sokoke, na mkono wa kushoto ni mashamba yanayoteremka hadi mikoko ya hori ya Mida. Shamba la kisa hiki liko mkono wa kushoto. Ni ekari sitini na kitu, mikorosho mingi iliyozeeka, minazi ya marika matatu, miembe michache mikubwa, na ndani yake nyumba saba za udongo na makuti. Mwenye hati ni mzee wa Malindi mjini aliyelirithi kwa baba yake. Wanaoishi humo ni Wagiriama, na wa kwanza wao aliingia kabla mzee huyu hajazaliwa. Majina nimeyaacha na alama za shamba nimezichanganya, kwa kuwa mambo mengine bado yako ofisini.

Alichotaka mzee kilieleweka upesi. Shamba lisiuzwe baada yake, lirudi kuwa msitu, na mtu yeyote aweze kuingia na kutembea humo bila kufukuzwa. Madalali walikuwa wameuzoea mlango wake. Ardhi ya kati ya Gede na Watamu haikosi mnunuzi, na majirani kadhaa walishauza, palipokuwa na mikorosho pakasimama kuta za nyumba za likizo. Korosho zenyewe zilikuwa zimeacha kumlipa zamani. Kiwanda cha Kilifi kilipoanguka miaka ya 1990, bei ilibaki mikononi mwa walanguzi, ukungu ukashambulia maua msimu baada ya msimu bila mtu kununua dawa, na miti ikaachwa ijizeekee. Kwa hiyo tusimpambe mzee kwa sifa asizozidai: hakuwa akiacha utajiri wa kilimo. Alichokuwa akiacha ni bei ya ploti, nayo si ndogo.

Wanawe watatu wa kiume na binti mmoja walikubali kwa mdomo. Mkubwa wao, mwenye biashara Mombasa, alikuwa na haraka ya watu wa mjini. Alileta lori zima la miche ya mvinje, mti mrefu wenye majani kama sindano, akaagiza ubao wa lango, akamwita fundi wa ua wa waya. Fundi alipofika kwenye nyumba ya tatu, mama mwenye nyumba akamwambia nguzo yake imeingia kwenye mnazi wa marehemu mumewe. Kazi ikasimama hapo. Ndipo mimi nikaombwa nisaidie, na ndipo kisa kinapoanzia hasa.

Udongo wa huyu, mti wa yule

Mgeni wa pwani angeuliza: mnazi wa marehemu uko kwenye ardhi ya nani? Ardhi ni ya mzee, mnazi ni wa marehemu, na yote mawili ni kweli. Kwetu, mti uliopandwa na udongo unaousimamisha huweza kuwa na wenyewe wawili. Minazi huhesabiwa, hurithiwa, huwekwa rehani na kuuzwa mmoja mmoja bila udongo kuguswa. Ndiyo maana wenye mashamba wengi wa zamani waliwaruhusu wapangaji walime mahindi na muhogo lakini wakawakataza kupanda miti ya kudumu. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba, kisha unaweza kuzaa miaka sitini na zaidi, na kwa muda wote huo aliyeupanda ana sababu ya kuwapo. Baba wa mzee wetu hakukataza. Alipokea kitu kidogo kila mwaka, akaacha watu wapande.

Mambo haya yana mizizi mirefu kuliko familia hii. Miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua mji wa Malindi, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalifunguliwa kwa jasho la watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku 1907, mashamba yakakosa mikono. Mwaka uliofuata Waingereza walipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani wa maili kumi: anayedai ardhi aje aandikishe, na isiyodaiwa iwe ya serikali yao. Familia za Kiarabu na Kiswahili za mjini zilijua njia ya ofisi. Wagiriama wengi hawakuandikishiwa kitu. Hati ikaenda upande mmoja, jembe upande mwingine, na mpaka leo mtu aliyezaliwa, akaoa na kuzika wazazi wake mahali pamoja huitwa skwota.

Wakili wa kijana mkubwa aliyatazama hayo yote akaona njia nyeupe. Sheria ya Kenya inasema aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 mfululizo, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai iwe yake. Lakini hawa walikaa kwa ruhusa, na kile kitu kidogo cha kila mwaka ndicho ushahidi. Basi dai hilo hawana. Wapewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, kama Sheria ya Ardhi inavyotaka, waondoke, ua ujengwe.

Kisheria huenda alikuwa sahihi. Kwa hifadhi, ushauri ule ulikuwa sumu. Ekari sitini hazina mapato ya kulipa askari wa zamu mchana na usiku, kwa hiyo hulindwa na majirani au hazilindwi kabisa. Ukiziondoa nyumba saba, umejitengenezea nyumba saba zenye kinyongo nje ya ua, zinazojua kila njia ya panya iliyomo ndani. Mwezi Machi, kabla ya masika, nyasi zikiwa kavu, kiberiti kimoja kinatosha. Na tukiacha hata moto, kuna swali la haki ambalo wakili hakuulizwa. Hifadhi ya umma inayoanza kwa kuufukuza umma uliopo ni ya umma upi?

Kilichofanyika ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna aliyeipiga picha. Kila familia ilizunguka shamba na karani na mzee wa kijiji, mti kwa mti, na kila mnazi ukaandikwa kwa jina la mwenyewe. Mwembe ukawa wa nani, mkwaju ukawa wa nani. Mabishano yalikuwa machache kuliko tulivyohofu. Minazi mitatu iligombewa na ndugu wawili mpaka mwisho, wakaachiwa kwa pamoja, wagawane nazi. Makaburi yaliandikwa pia, na mahali penye koma za wazee, yaani mizimu yao, pakawekewa njia yake, pasipandwe kitu wala pasisomewe watalii hadithi.

Kisha mzee akafanya jambo lililowashtua wanawe. Akakata kipande cha kando ya barabara, kama ekari kumi na mbili, akaamuru kigawanywe mara saba na kila familia ipewe hati yake. Minazi iliyobaki ndani ya hifadhi itakuwa ya walioipanda mpaka ife yenyewe: wataangua nazi na madafu, watakata makuti, lakini hawatapanda mipya humo. Kijana mkubwa alipiga hesabu ya ekari kumi na mbili za kando ya barabara kwa bei ya leo akashika kichwa. Mimi naona hakuna senti iliyotumika vizuri zaidi katika mradi mzima. Ekari zile ndizo ua.

Kulikuwa na mgogoro mmoja ambao vitabu vya uhifadhi haviutaji. Baadhi ya minazi ilikuwa ya kugema tembo, pombe ya mnazi. Mzee ni mtu wa msikitini, na kama ardhi itakuwa sadaka, hataki tembo litoke humo. Mgema naye ana watoto wa shule, na tembo la mnazi ndilo karo. Iliamuliwa kugema kufanyike kwenye zile ekari kumi na mbili tu, na wenye minazi ya kugema iliyoko ndani wakabadilishana miti na majirani zao, mti kwa mti. Ilichukua jioni nyingi kuliko mambo yote ya mpaka.

Hati ipite wapi

Njia za kisheria zilikuwa kadhaa, na kila moja ina tundu lake.

Unaweza kuikabidhi ardhi kwa kaunti. Hapo inakuwa ardhi ya umma kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ikishikiliwa kwa niaba ya wakazi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kwenye karatasi hakuna kinachoshinda hiyo. Mzee alicheka. Amezeeka pwani, na ameona viwanja vya umma, vya michezo na vya makaburi, vikiamka asubuhi vina mwenyewe. Unaweza kuisajili kama hifadhi binafsi chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na hilo linakupa utambuzi na ushauri wa wataalamu, lakini mwenye ardhi anabaki yuleyule, na warithi wake wakibadili nia kesho, kazi imekwisha. Unaweza pia kuiwekea ardhi sharti la uhifadhi linaloandikishwa juu ya hati na kumfunga kila atakayeinunua baadaye. Sheria ya Mazingira ya 1999 na ile ya Wanyamapori zote zinalo. Hilo nalipenda, ila sharti halijitetei lenyewe. Lazima awepo mtu macho, mwenye nauli ya mahakamani, siku linapovunjwa.

Binti ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine tulilizunguka: baba akifa kesho je?

Mzee amepita miaka sabini na ana sukari. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo kwa Waislamu wanaokubali huamuliwa na Mahakama ya Kadhi, mke angepata thumuni, na kilichobaki kingegawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Shamba lingekatwa vipande vitano, na kati ya watano hao hakosi mmoja mwenye shida ya kuuza. Wasia nao hauvuki theluthi ya mali, na shamba hili pekee lilikuwa zaidi ya theluthi. Hata kulitoa sasa kungehitaji kufanywa akiwa na afya yake, kwa maana kitakachotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia na kurudi kwenye theluthi ileile. Kwa hiyo haraka ilikuwapo kweli, ila mahali pake si kwenye miche ya mvinje. Ilikuwa kwenye kalamu.

Ndipo likaja wazo la wakfu, yaani mali itolewe sadaka ya kudumu, nalo lilitoka kwa mzee mwenyewe. Pwani imejengwa juu ya wakfu: misikiti, visima, makaburi, minazi ya kununulia mafuta ya taa za msikiti. Na asiyesoma dini husahau kwamba wakfu unaotajwa mara nyingi kuliko yote ulikuwa shamba. Umar bin Khattab alipata ardhi Khaibar, akamwendea Mtume kumuuliza aifanyeje, akaambiwa akitaka aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Basi ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mafungu yakaenda kwa maskini, jamaa, wasafiri na wageni, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Ukiyaweka masharti hayo kando ya kanuni za hifadhi yoyote ya leo, utaona yanaketi pamoja bila kusukumana.

Swali gumu lilikuwa la manufaa. Wakfu lazima uwe na wanaonufaika, na kijana wa pili, ambaye ni mwalimu wa madrasa, aliuliza kama ndege na vipepeo wanatosha. Shekhe aliyeulizwa alikumbusha hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa: Mwislamu hapandi mti wala hapandi mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Hata hivyo alishauri binadamu watajwe waziwazi, ili kesho pasiwe na mjanja wa kusema wakfu huu hauna mwenye kudai. Hati ikataja wakazi wa jirani kwa kuni kavu na dawa za miti, wanafunzi kwa masomo, na wapita njia kwa kivuli na njia. Ndege wakaja baada yao.

Tundu la wakfu nalo lipo, tusijidanganye. Yako mashamba ya wakfu pwani ambayo msikiti wake haujaiona nazi moja miaka na miaka, kwa sababu usimamizi ulikwenda kwa mtoto, kisha mjukuu, kisha njaa ya mjukuu. Kwa hiyo hapa msimamizi ni mmoja wa familia, lakini hawezi kukata mti mkubwa, kukodisha wala kubadili njia bila kamati, na kamati ina watu wa zile nyumba saba, Waislamu na wasio Waislamu, pamoja na mwalimu wa shule ya jirani. Na juu ya wakfu, lile sharti la uhifadhi linaandikwa pia kwenye hati, ili asiyejali dini akutane na sheria, na asiyejali sheria akutane na dini.

Mengine yalikuwa ya ofisi: msoroveya, bikoni, kibali cha bodi ya ardhi. Ardhi ya kilimo haigawanywi wala haitolewi bila kibali hicho, na hata kutangaza kwamba unaishikilia kwa niaba ya wengine huhesabiwa kuwa shughuli inayohitaji kibali. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Wengi hulala hapo.

Lori la mivinje

Sasa miche. Kijana mkubwa hakuokota wazo lake hewani. Aliona Bamburi, Mombasa. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje kwenye machimbo ya saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe, jua na maji ya chumvi. Mvinje ulikubali, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani, na majongoo wakaletwa kuzitafuna sindano zake mpaka zikawa udongo. Leo pale ni msitu wenye twiga. Ni kazi ya ajabu. Lakini ilikuwa dawa ya mahali pasipo na udongo, na shamba la Gede lina udongo, lina visiki hai, na lina msitu wa kilomita za mraba 420 ng'ambo ya barabara unaomwaga mbegu kila mwaka. Kulijaza mivinje ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho. Miche iliuzwa kwa zile familia saba kwa bei ya chini. Mvinje unatoa nguzo nzuri za kujengea, na kwenye kishamba cha mtu una faida yake.

Mfano wa karibu haukuhitaji kwenda Mombasa. Mji wa kale wa Gede ulihamwa katika karne ya 17. Hakuna aliyepanda mti, na msitu ukaumeza msikiti, jumba na kuta, hata mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba 1948 ilibidi kwanza magofu yatafutwe chini ya mizizi. Mahali hapo pametangazwa kumbukumbu ya kihistoria tangu 1927, na 2024 UNESCO ikapaingiza kwenye urithi wa dunia. Watu huenda kuangalia kuta. Mimi humwambia kila anayetaka kugeuza shamba aende akaangalie miti, na aangalie pia mwarobaini unavyojipenyeza kati ya miti ya asili, kwa sababu huyo ndiye adui atakayekutana naye.

Mwarobaini, ambao wengine tunauita mkilifi, ni mti wa heshima uani. Shambani palipoachwa ni mvamizi. Ndege hula matunda yake, hudondosha mbegu kila wanapotua, na miche yake huvumilia kiangazi kuliko mingi ya kwetu. Kazi ya kwanza ya kamati ikawa kuikata kabla matunda hayajaiva, msimu baada ya msimu, si mara moja kwa sherehe. Kazi ya pili ilikuwa kuviacha visiki. Kina mama waliokuwa wakichanja kuni humo walijua kila kisiki kilichokuwa kikichipua: mbambakofi huu, mgurure ule. Wakachagua chipukizi moja imara kwa kila kisiki, wakapunguza nyingine, na chipukizi lenye mizizi ya mti mzima chini yake huupita mche wa kitaluni kwa mbali.

Miembe mikubwa haikukatwa ingawa si miti ya asili. Hondohondo na ndege wengine hutua humo, na chini yake ndiko mbegu za msituni huanza. Mikorosho nayo inaondolewa polepole. Ukiifyeka yote kwa pamoja jua linaingia, nyasi zinapanda, na nyasi ndizo zinazobeba moto. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika husafishwa mkanda wa kuzuia moto upande wa barabara, na hiyo ndiyo gharama isiyoahirishwa.

Kijana mkubwa alitaka angalau mrihi, kwa kuwa msitu wa mirihi ndio mzuri kutembea. Ni kweli ni mzuri. Ila mrihi hupenda mchanga mweupe wa katikati ya Arabuko-Sokoke. Maganda yake hupasuka na kurusha mbegu hatua chache tu, na mche wake unahitaji kuvu fulani mizizini. Upande huu wa mashariki mvua ni nyingi zaidi, milimita elfu moja hivi kwa mwaka ukilinganisha na mia sita kaskazini-magharibi, na msitu wake wa asili ni mchanganyiko, mzito, wenye kamba nyingi. Sio wa kupigia picha za harusi. Uachie udongo uamue.

Na wanyama? Hapa ahadi ziwe ndogo. Isanje mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye Arabuko-Sokoke ndiyo ngome yake kubwa duniani, anahitaji majani makavu mengi chini na hana sababu ya kuvuka lami yenye matatu. Paa nunga, paa mdogo wa msituni, vilevile. Watakaofika mwanzo ni vipepeo, ndege, na kwa bahati mbaya nyani na kima, ambao watalala hifadhini na kula mahindi ya jirani. Kamati iliamua mapema kwamba msimu wa mahindi mabichi italipa mlinzi wa kuwafukuza kwenye zile ekari kumi na mbili. Kusubiri fidia ya serikali kwa gunia la mahindi si mpango.

Njia ya Mida

Ule ua wa waya uling'olewa. Ungeifunga njia inayotoka barabarani hadi horini, njia ya wavuvi, wachuuzi wa kaa na watoto wa shule tangu enzi. Badala yake njia imewekwa kwenye ramani na kwenye hati: kwa miguu na baiskeli, bila bodaboda, bila kulipa. Kuni kavu huokotwa siku mbili kwa wiki, kiasi cha mzigo wa kichwa. Panga la kukata mti mbichi, tanuru la makaa na mtego haviingii. Kanuni ni chache kwa makusudi, maana kila kanuni inataka mtu wa kuisimamia.

Fedha ndipo watu huota sana. Dalali mmoja wa kaboni, wa kuuza hesabu ya hewa ya ukaa inayonaswa na miti, alikuja na tarakilishi yake. Tukamtajia mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kule Kwale, ulioanza kuuza kaboni 2013 kutoka hekta 117 za mikoko, na ambao ulihitaji wataalamu na wafadhili wa miaka mingi. Ekari hamsini za vichaka hazilipi hata gharama ya mkaguzi. Aliondoka kwa adabu. Mifano ya karibu ina unyenyekevu zaidi. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 pale Gede, hununua mabundo ya vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga, kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuyauza ng'ambo, na ulianza wakati wakulima wengi wa hapa walitamani msitu ukatwe wapewe mashamba. Daraja la mbao la Mida, chini ya mpango wa ASSETS ulioanza 2001, hulipisha watalii na fedha husaidia karo za watoto wa jirani. Hifadhi yetu ndogo inaweza kuning'inia pembeni mwa hiyo miwili: nyumba mbili zimeanza kupanda miti wanayokula viwavi, na mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye mikorosho inayosubiri kufa. Mapato ya korosho zilizobaki ndiyo yanayolipa mkanda wa moto kwa sasa. Yakiisha, familia imeahidi kuchangia kwa miaka kadhaa, na ahadi hiyo haimo kwenye hati yoyote. Kama ningeulizwa udhaifu mkubwa wa mpango huu, ningetaja huo kabla ya mwarobaini.

Mambo yalipofikia: hati saba za familia zilitangulia kutoka, kwa sababu binti aligoma kushuhudia wakfu kabla hazijatoka. Hati ya wakfu imesainiwa mbele ya mashahidi, na faili la ardhi iliyobaki liko kwa msajili. Kijana mkubwa sasa anataka kujenga mkahawa mdogo upande wa hori, penye upepo, ili hifadhi ijilipie. Hati inakataza jengo la kudumu. Ameandika barua kuuliza kama banda la makuti linahesabiwa kuwa jengo la kudumu, na kamati imeigawanyikia barua hiyo katikati, mgema akiwa upande wa mkahawa.